WhatsApp, TikTok, X au YouTube: kijana afuatilie habari wapi ili azielewe?

Vijana wengi wa Afrika Mashariki wenye umri wa kati ya miaka 18 na 30 wameshaacha kujiuliza kama wafuatilie habari kwenye simu. Swali lililobaki ni wazifuatilie wapi, kwa sababu bando ni moja, muda ni uleule, na mitandao minne inavigombania vyote viwili. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyekwama hapo. Haupimi mtandao upi una uongo mwingi zaidi, maana uongo upo kote na kiasi chake hubadilika kila kukicha. Unapima jambo jingine: mtu akishaiona habari, mtandao alioionea unamwezesha kwa kiasi gani kujua imetoka wapi, ina maana gani, na kama bado ni kweli.

Ni vyema kutenganisha tangu mwanzo mambo matatu ambayo kwa kawaida huchanganywa, yaani kusikia habari, kuielewa na kuihakiki. Mtandao unaomfikishia mtu habari upesi kuliko yote unaweza kuwa ndio unaomwacha gizani kuliko yote kuhusu maana yake, na ule unaoeleza vizuri unaweza kuchelewa kwa saa nzima au zaidi.

Vigezo vinavyotumika

Vigezo ni vinne. Cha kwanza ni chanzo: je, mtu anaweza kuifuata habari hadi kwa aliyeisema kwanza, na siku aliyoisema? Cha pili ni muktadha: je, anapata yaliyotangulia na sababu zake, au anapewa kipande tu? Cha tatu ni marekebisho: habari ikibadilika, je, mabadiliko hayo yanamfikia yule aliyeona toleo la kwanza? Cha nne ni gharama, na hapa zinahesabiwa fedha za bando, muda, na pia sheria, kwa kuwa anayesambaza habari ya uongo anaweza kujikuta matatani.

Ili mitandao yote ipimwe kwa jambo lilelile, tuchukue Mswada wa Fedha wa Kenya wa mwaka 2024. Mswada huo ulipendekeza, miongoni mwa mengi, mkate uanze kutozwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 na magari yatozwe kila mwaka kodi ya asilimia 2.5 ya thamani yake. Tarehe 18 Juni, siku ambayo vijana walijitokeza kuandamana katikati ya jiji la Nairobi, ilitangazwa kwamba mapendekezo hayo mawili yameondolewa. Tarehe 25 Juni wabunge waliupitisha mswada uliorekebishwa, waandamanaji wakaingia katika majengo ya Bunge, na watu wakauawa kwa risasi. Kesho yake Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia saini. Kwa hiyo, ndani ya siku tisa, maelezo yaliyokuwa sahihi asubuhi yaliweza kuwa yamepitwa na wakati jioni, na hicho ndicho kipimo kizuri cha mtandao wowote wa habari.

WhatsApp: magrupu na chaneli

Chanzo. Hapa ndipo WhatsApp inapopwaya zaidi. Ujumbe ukisambazwa, jina la aliyeuandika kwanza halisafiri nao, na kwa kuwa mazungumzo yamefichwa kwa usimbaji, hakuna mtu wa nje anayeweza kuona ulikopitia. Kilichopo ni dalili. Mshale mmoja juu ya ujumbe unaonyesha kwamba aliyeutuma si mwandishi wake. Mishale miwili inaonyesha kwamba umeshapita mikono mitano au zaidi, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa aina hiyo unaweza kupelekwa kwenye gumzo moja tu kwa wakati mmoja. Lakini dalili hizo hufutika pale mtu anaponakili maneno na kuyabandika upya, jambo ambalo wengi hufanya bila nia mbaya, kwa kuona tu kwamba ujumbe unapendeza zaidi bila mishale.

Chaneli za WhatsApp, zilizoenezwa katika nchi nyingi mwaka 2023, ni kitu tofauti kabisa na grupu ijapokuwa zimo katika programu ileile. Kwenye chaneli ya chombo cha habari msomaji anajua anayesema ni nani na amesema saa ngapi. Anayesema kwamba habari zake anazipata WhatsApp angeulizwa kwanza kama anamaanisha chaneli au magrupu, maana majibu hayo mawili hayalingani hata kidogo.

Muktadha. Ujumbe wa grupu huja mfupi, au huja kama sauti iliyorekodiwa ya mtu anayezungumza kwa uhakika mkubwa bila kujitaja. Nguvu ya WhatsApp iko kwingine: ndiyo pekee kati ya minne ambapo kijana anaweza kumuuliza mtu anayemfahamu na akajibiwa na aliyepo. Wakati wa Mswada wa Fedha, mwenye ndugu anayefanya kazi ya uhasibu alikuwa na mfasiri wa vifungu ambaye mtandao mwingine wowote usingempatia.

Uzito unakuja pale aliyeleta habari anapokuwa mkubwa kwake. Habari iliyoletwa na mjomba au mama mkubwa kwenye grupu la familia haipokewi kama habari tu, bali kama neno la mzazi, na kijana anayejua kwamba si kweli anabaki kati ya kunyamaza na kuonekana amekosa adabu mbele ya ukoo mzima. Wengi hunyamaza. Baadaye, yule aliyekaa kimya kwa heshima anahesabiwa na wengine grupuni kama aliyekubali. Njia inayofanya kazi mara nyingi ni kumfuata mkubwa huyo faraghani, kwa swali badala ya karipio: "Shikamoo mjomba, ile habari ya mkate uliipata wapi? Naona leo wametangaza kwamba kodi hiyo imeondolewa." Mjomba akirudi mwenyewe grupuni kusahihisha, marekebisho yake yanapokewa kwa heshima ileile iliyoipa nguvu habari ya kwanza.

Marekebisho. Isipokuwa kwa njia hiyo ya watu, ni hafifu. Aliyetuma anaweza kufuta ujumbe wake, lakini nakala zilizokwisha kusambazwa hazifutiki. Waliojaribu kutumia njia ileile ya sambaza kwa ajili ya ukweli wapo: mwaka 2019 Africa Check, shirika la kuhakiki habari, na washirika wake walianzisha Afrika Kusini kipindi kifupi cha sauti kinachotumwa kwa WhatsApp ili wasikilizaji wakipeleke kule uvumi ulikopita.

Gharama. Kwa bando ndiyo nafuu kuliko yote. Kwa sheria haina unafuu wowote, ingawa watu huiona kama sebule yao. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 na sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na makosa ya mtandao zote zilitungwa zikiwa na vifungu vinavyohusu uchapishaji wa taarifa za uongo, na grupu la watu mia kadhaa ni vigumu kulitetea kama mazungumzo ya siri.

TikTok

Chanzo. Ripoti ya Habari za Kidijitali ya Taasisi ya Reuters ya mwaka 2023 iliiweka Kenya mbele ya nchi zote ilizozichunguza kwa matumizi ya TikTok: asilimia 54 ya waliohojiwa waliitumia kwa jambo lolote, na asilimia 29 waliitumia kwa habari. Takwimu hizo ziliwahusu watumiaji wa intaneti wanaojua Kiingereza, kwa hiyo zisibebeshwe Kenya nzima. Ripoti hiyo ilionyesha pia kwamba kwenye TikTok watu hufuatilia habari kutoka kwa watu mashuhuri na watengeneza maudhui kuliko kutoka kwa waandishi wa habari. Kwa maneno mengine, chanzo anachokiona kijana ni uso wa mtu, na nyuma ya uso huo huenda kuna gazeti lililosomwa vizuri, huenda kuna video nyingine ya TikTok, na huenda hakuna kitu.

Hata hivyo kuna vipande viwili vya ushahidi ambavyo watu huvipuuza. Cha kwanza ni tarehe, iliyoandikwa kwa herufi ndogo kando ya jina la akaunti. Cha pili ni alama inayobaki kwenye video iliyopakuliwa: nembo ya TikTok pamoja na jina la akaunti, vikihama kutoka pembe moja ya picha hadi nyingine. Video hiyohiyo ikimfikia mtu kwenye WhatsApp, jina hilo ndilo uzi pekee wa kurudia chanzo. Likiwa limefunikwa kwa kibandiko au limekatwa, aliyefanya hivyo hakutaka lionekane.

Muktadha. Hapa TikTok inastahili sifa kuliko inavyopewa na watu wazima. Mwezi Juni 2024 vijana wa Kenya walikaa mbele ya kamera wakafafanua vifungu vya mswada kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za nyumbani kwao, wakati waraka wenyewe ulikuwa wa Kiingereza cha kisheria ambacho hata mhitimu wa chuo angekisoma mara mbili. Watu waliokuwa hawajawahi kusoma mswada wowote walijua kifungu cha mkate kinasema nini.

Udhaifu ni kwamba dakika moja inatosha kueleza kifungu kimoja, na mara chache inatosha kueleza sheria ambayo kifungu hicho kinaibadilisha. Kijana aliyeambiwa kwamba mkate utatozwa asilimia 16 alielewa kwamba bei itapanda. Hakuelezwa kwamba hadi wakati huo mkate ulikuwa katika orodha ya bidhaa zenye VAT ya asilimia sifuri, wala kwa nini ulikuwa humo, wala ni bidhaa zipi nyingine zilikuwa zikiondolewa humo pamoja nao. Mtu anatoka na hisia kamili ya kuelewa, na hisia hiyo ndiyo inayomzuia kutafuta zaidi.

Marekebisho. Ukurasa wa mapendekezo haufuati mpangilio wa tarehe. Video ya tarehe 10 Juni kuhusu kodi ya mkate ilikuwa sahihi siku ilipowekwa. Baada ya tarehe 18 haikuwa sahihi tena, lakini algoridhimu huangalia kama watu wanaitazama hadi mwisho, haiangalii kama Bunge limebadilisha msimamo. Mtengenezaji mwaminifu ataweka video ya pili ya kusahihisha. Hakuna kinachohakikisha kwamba walioona ya kwanza wataletewa ya pili.

Gharama. Video hula bando, lakini kinacholika zaidi ni muda, kwa kuwa programu haina mwisho wa kufikia.

X

Chanzo. Kwa kigezo hiki peke yake, X inaongoza. Kila chapisho lina saa na tarehe, nukuu huonyesha chapisho la asili, na taasisi nyingi za serikali, vyama na waandishi wa habari hutangaza hapo kwanza. Tahadhari kubwa ni alama ya buluu kando ya jina: tangu Aprili 2023, alama za zamani zilipoondolewa, kwa kawaida hununuliwa kwa malipo, kwa hiyo haithibitishi kwamba mtu ndiye anayejidai kuwa.

Muktadha. Inategemea mtu anawafuata akina nani. Mfululizo wa machapisho ya mwanasheria au mchumi unaweza kuizidi makala ya gazeti, na vikao vya sauti vilipata uzito wa kipekee wakati wa mswada ule, hadi Rais Ruto mwenyewe akaingia katika kikao cha aina hiyo tarehe 5 Julai 2024 kujibu maswali ya vijana. Upande wa pili ni kwamba watumiaji wa X ni wachache kuliko wa mitandao mingine, wengi wao wa mijini, na anayekaa humo mchana kutwa huanza kudhani kwamba ubishi wake ndio ubishi wa nchi.

Marekebisho. Kuna maelezo ya jamii yanayobandikwa chini ya chapisho pale wachangiaji ambao kwa kawaida hawakubaliani wanapokubaliana kwamba linapotosha. Wazo ni zuri, lakini makubaliano huchukua muda na uvumi hausubiri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Science, uliochambua takriban habari 126,000 zilizosambazwa Twitter (jina la zamani la X) kati ya mwaka 2006 na 2017, ulionyesha kwamba habari za kweli zilichukua muda wa karibu mara sita zaidi ya za uongo kuwafikia watu 1,500, na kwamba waliozibeba za uongo walikuwa hasa binadamu, si programu za kujiendesha.

Gharama. Kwa kuwa ni maandishi zaidi kuliko video, haili bando sana. Lakini nchini Tanzania mtandao huu ulifungwa mwezi Mei 2025, na anayeufikiria akumbuke pia kwamba Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilitaka watumiaji wa VPN, yaani programu za kupita vizuizi vya intaneti, wajisajili mwezi Oktoba 2023. Kwa Mtanzania aliyeko nchini, huo ni uzito halisi wa kuweka kwenye mizani, na Mkenya au Mtanzania aishiye Muscat hana mzigo huo.

YouTube

Chanzo. Chaneli zenye jina na historia ya miaka ni rahisi kuzipima. Tatizo ni zile zinazochukua picha za wengine, zikaweka sauti ya kusoma na kichwa cha habari kinachoahidi makubwa ambayo ndani hayamo.

Muktadha. Hakuna mwenzake. Hotuba nzima ipo, kikao cha Bunge kipo mubashara, mjadala wa saa moja wa wachumi upo, na mtu anaweza kurudi nyuma kusikiliza sentensi ileile mara tatu. Aliyesikia kipande cha sekunde kumi na tano cha waziri kwenye TikTok atakikuta hapa kikiwa na dakika tano zilizokitangulia, na si mara chache dakika hizo hubadilisha maana yote.

Marekebisho. Mwenye chaneli anaweza kubadilisha kichwa au kubandika maoni ya kusahihisha juu ya mengine, ila maneno yaliyomo ndani ya video yanabaki kama yalivyo, na wachache hushuka kusoma maoni.

Gharama. Saa moja ya video kwa ubora wa wastani hula mamia ya megabaiti. Kwa mwenye intaneti ya chuo au ya ofisini hilo si tatizo. Kwa anayenunua bando la siku, YouTube ni anasa.

Kile ambacho hakimo ndani ya mtandao wowote

Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwahi kuwalinganisha watu 45, wakiwemo wanahistoria, wahakiki wa habari na wanafunzi wa chuo hicho, katika kupima uaminifu wa kurasa za intaneti. Wanafunzi, na hata baadhi ya wanahistoria, walibaki ndani ya ukurasa wakiukagua kwa bidii. Wahakiki walitoka upesi, wakafungua kurasa nyingine ili kujua wengine wanasema nini kuhusu mwenye ukurasa ule, na wakafika kwenye jibu sahihi kwa muda mfupi zaidi.

Ushauri huo wa kutoka nje ya ukurasa ni rahisi kuutoa, lakini kwa hali zetu una gharama ambayo haitajwi. Vijana wengi hununua bando la mitandao ya kijamii pekee kwa kuwa ni la bei nafuu. Bando hilo linafungua WhatsApp lakini halifungui tovuti ya wahakiki wa habari wa PesaCheck, wala ya Africa Check, wala ukurasa wa Bunge wenye waraka kamili. Mtu anaona dai, anabonyeza kiungo cha kulihakiki, na skrini inabaki nyeupe ikizunguka. Anayemlaumu kijana huyo kwa uvivu hajaangalia bando lake. Kwa mwenye bando la aina hiyo, chaneli na akaunti za wahakiki zilizomo ndani ya mitandao yenyewe, kama za Nukta Fakti ya Tanzania au PesaCheck, inayochapisha pia kwa Kiswahili, zina thamani kuliko tovuti zao, na ni vyema azifuate kabla hajazihitaji.

Nani achague nini

Mwenye bando dogo na asiye na muda wa kukaa mtandaoni atafaidika zaidi na chaneli mbili au tatu za WhatsApp za vyombo vya habari anavyoviamini, huku magrupu akiyachukulia kama mahali pa kusikia kwamba kuna jambo limetokea, basi. Ujumbe wenye mishale miwili usiokuwa na tarehe wala jina haumhitaji afanye lolote, hata kuujibu.

Mwanafunzi au mfanyakazi kijana anayetaka kuielewa bajeti, mswada au hukumu anaweza kuanzia TikTok bila aibu, kwa sababu pale atapata lugha nyepesi na atajua aulize nini. Akiishia hapo atabaki na kifungu kimoja. Jioni akipata intaneti ya bure, aitafute YouTube hotuba au mjadala mzima, akiwa na swali moja mahususi, la sivyo saa mbili zitapita bila jibu.

Anayefuatilia tukio linaloendelea, kama maandamano au ajali barabarani anayopita, anahitaji saa na mahali kuliko uchambuzi. Kwa Kenya na kwa walioko ughaibuni, X ndiyo inayofaa zaidi, mradi asome wakati wa chapisho kabla ya kusoma chapisho. Tanzania, kazi hiyo hufanywa zaidi na chaneli za WhatsApp na kurasa za vyombo vya habari kwenye mitandao mingine.

Aishiye mbali na nyumbani, Oman au Minnesota, mara nyingi hutegemea grupu la familia kwa habari za nchini. Huyo ana faida ambayo ndugu zake hawana, yaani intaneti ambayo haizimwi pale ya nyumbani inapozimwa, na inafaa awe yeye mhakiki wa grupu badala ya kuwa msambazaji mwingine.

Ipo pia hali ambayo mitandao yote minne haimfai mtu. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu wa Tanzania, intaneti ilizimwa nchini kote na ikakaa hivyo kwa siku kadhaa. Katika hali kama hiyo redio ndiyo inayobaki, ya ndani na ya nje kama idhaa za Kiswahili za BBC na DW. Intaneti inaporudi, video za siku zilizopita huingia zote kwa mkupuo, zikiwa zimechanganyika na za miaka mingine na za nchi nyingine. Siku hiyo ya kwanza ni bora kuzipokea bila kuzisambaza, na kuanza na zile ambazo tarehe, jengo au kibao cha barabarani kinachoonekana ndani yake kinaweza kutambuliwa na mtu anayeishi hapo.